Pembe Iliyovuliwa

Siku Harisoa alipoyang'oa mafiga matatu jikoni kwa mkwewe, alikuwa anamtafutia mwanawe pumzi. Tsiry alikuwa bado hajajua kutembea vizuri, na kifua chake kilikoroma kama sufuria yenye kifuniko kibovu. Muuguzi wa zahanati alikuwa ametaja neno moja tu: moshi.

Kama nyumba zote za kilimani pale, jiko lilikuwa ghorofani, chini ya paa, na majira ya baridi wote walilala humo. Harisoa alikanda udongo na pumba za mpunga, akajenga jiko lenye bomba la kutolea moshi nje. Kuni za siku moja sasa zilitosha siku mbili na kubaki, na mikaratusi ya nyuma ya nyumba ikapumzika na panga. Kisha akapanda kwenye kigoda na ufagio, akaanza kuyakwangua masizi ya darini, yaliyoning'inia kama nywele.

"We mtoto, hayo hayaguswi!" Bakoly, mkwewe, alipaza sauti toka ngazini. "Yana umri mkubwa kuliko mimi. Nyumba nyeusi ndiyo nyumba yenye wenyewe."

"Mama, yanamwangukia Tsiry usoni."

"Na hilo jiko lako halitoi hata ukoko. Bila ukoko wa kuchemshia maji, baada ya wali tutakunywa maji ya nini? Ya machozi?"

Solofo, mumewe Harisoa, alicheka. Alipoona mama yake hacheki, akaenda kuwaangalia ng'ombe.

Harisoa alikwangua mpaka pembe ya kaskazini mashariki, pembe ya wazee waliotangulia, ambako hakuna anayeegemeza mgongo wala kuweka viatu. Hakupiga hodi. Akapaka udongo mweupe, nyumba ikang'aa. Juma halikuisha, kifua cha Tsiry kikanyamaza.

Ndipo pembe ikaanza kukohoa.

Ilikuwa adhuhuri, Harisoa anachagua mchele. Kikohozi kikavu, cha mtu mzima anayejizuia mbele ya wageni. Akadhani ni mkwewe. Alipochungulia dirishani alimwona Bakoly bondeni, kainama kwenye majaruba ya mpunga. Akaugusa ukuta. Ulikuwa na ubaridi wa kaburi lililofunguliwa mlango.

Kesho yake walikohoa wawili, mmoja sauti yake nyembamba. Tsiry aligeuka, akaitazama pembe, akatabasamu kama anayesalimiwa.

Bakoly alikisikia kikohozi hicho wakati wa kula. Kijiko chake kikasimama hewani.

"Umewavua," alisema taratibu. "Masizi ndiyo yaliyokuwa shuka yao. Watu hata wakifungua kaburi kumbadilishia marehemu sanda, humwambia kwanza. Wewe umewavua watu wazima kwa ufagio."

"Wamekasirika, Mama?"

"Mwenye baridi hana nafasi ya hasira. Kesho mafiga yanarudi. Moshi utawafunika."

"Na Tsiry?"

Pembe ilikohoa tena, safari hii wengi.

Asubuhi, ukungu ukiwa bado mlangoni, Bakoly alianza kuyapandisha mafiga. Harisoa alisikia jiwe la kwanza likigonga ngazi. Akafungua sanduku, akatoa shuka nyeupe ya hariri aliyofunikwa begani siku ya harusi, ambayo mwanamke huiweka mpaka azikwe nayo.

"Wewe! Hiyo ni ya kukuzikia!"

"Najua, Mama."

Akapiga magoti. "Wazee wetu, niliwavua bila hodi. Kosa ni langu, si la mtoto. Jifunikeni, mmwachie kifua chake." Akaitundika kwenye pembe ile.

Shuka ilitulia. Kisha ikajaa polepole, jinsi nguo inavyojaa mabega. Kikatoka kikohozi kimoja, kikakatika katikati. Toka kwenye pindo weusi ukaanza kupanda, na nyumba nzima haikuwa na moshi hata wa kuwasha jicho. Ulipanda mpaka weupe ukaisha.

Bakoly alisogea, akanusa. "Wamevaa," alinong'ona. Akaliinua lile jiwe, akalishusha mwenyewe mpaka uani.

Tsiry hakukohoa tena, na mafiga hayakurudi. Lakini tangu siku ile Harisoa huhisi baridi mabegani hata akikaa juani. Na Bakoly, bila kuombwa, ameanza kufuma shuka nyingine ya hariri, kwa kimo cha Harisoa. Hufuma toka asubuhi, hapumziki hata kula, wala hamtazami mkwewe usoni.