Kadi Yangu kwa Mama Berthe

Mwaka huu programu ya biashara ilinifikisha kwenye somo la kadi za mkopo, na kama ningekuwa mjanja kidogo ningeliruka. Nikaandika ubaoni: New York, 1950. Nikawaeleza wanafunzi kwamba hata kabla ya hapo maduka makubwa ya Amerika yaliwapa wateja wao wazuri vibati vidogo vyenye majina, ili wachukue bidhaa leo na kulipa baadaye. Kisha, hadithi inavyosema, bwana mmoja alikula hotelini akashiba, akapapasa mfuko, pochi hana. Aibu ile ikamletea wazo: kadi ya karatasi ngumu. Unaionyesha, unakula, mwisho wa mwezi unalipa.

Victoire, anayeketi mbele na asiyemwogopa mtu, akainua mkono. "Madame, na weye uko na karte?"

"Iko nyumbani," nilisema.

Ilikuwa nyumbani kweli, ila si kwangu. Ilikuwa kwa Mama Berthe, mwenye duka jirani yangu mtaani Kimemi, ndani ya kopo la maziwa pamoja na kadi za walimu wengine, kila moja imefungwa kwa mpira na kikaratasi chenye namba ya siri. Ni kadi ya benki ya kutolea mshahara tu. Mama Berthe ndiye aliyeigeuza kuwa ya mkopo, na hakuhitaji somo langu. Unampa kadi na namba, anakupa mchele, mafuta, sabuni. Mshahara ukiingia, anakwenda mwenyewe kwenye mashine na kopo lake kwapani, anaingiza kadi hii, anachomoa, anaingiza nyingine, huku foleni ikinung'unika nyuma yake. Anakata deni, anakuletea masalio. Masalio hayafiki katikati ya mwezi, unarudi dukani, na deni linaanza upya.

Sikuingia humo kwa anasa. Dada yangu na watoto wake walipokimbia vita upande wa Lubero, walifika kwangu na godoro moja kichwani. Ningewafanyaje? Nilipeleka kadi siku ileile. Wao sasa wana nyumba yao, na kadi ikabaki palepale.

Baada ya Pasaka nikapata nafasi katika shule moja ya Beni, upande wa Mavivi. Mume wangu Éphraïm ananunua kakao huko, na tangu biashara imhamishe tumekuwa mume na mke wa simu. Nilitaka kwenda. Lakini niseme wazi: kuliko hata mume, nilitaka kushika mshahara wangu kwa mkono wangu, niamue mwenyewe kama ni mchele au ni viatu.

Mama Berthe alinisikiliza huku akipima maharagwe.

"Madame Kavira, ukienda Beni, miye nitakufata wapi? Karte inabakia hapa mpaka deni inaisha."

"Lakini mushahara ni yangu, mama."

"Ndiyo, ni yako. Na muchele ilikuwa ya nani?"

Kuna walioniambia niende benki niseme kadi imepotea, wanitengenezee nyingine. Nilifikiria hilo mpaka kichwa kikauma. Lakini mwanamke huyu aliwalisha watu wangu bila kuniuliza ningelipa lini. Tena ukimkimbia Mama Berthe, Kimemi yote inajua kabla chungu hakijachemka, na hakuna atakayekukopesha hata chumvi, wewe wala dada yako. Nikabaki nazunguka kama mbuzi kwenye kamba, nafundisha watoto wa watu namna mkopo ulivyoanza, na hakuna sura ya kitabu inayosema namna ya kutoka.

Mwishowe nikameza aibu, nikampigia Éphraïm, nikamweleza yote. Nilidhani atanigombeza. Akasema, "Usilie. Nakuja."

Alikuja kweli, akalipa deni lote pale kwenye meza ya duka. Mama Berthe akafungua kopo, akatoa kadi yangu na kikaratasi chake, akamkabidhi aliyelipa. Nilifurahi hadi nikamkumbatia, yeye na maharagwe yake. Dada yangu akanisaidia kufunga mizigo, tukapanda teksi ya Beni.

Njiani, tulipopita Maboya, nikanyoosha mkono. "Éphraïm, nipe karte yangu."

Akagusa mfuko wa shati. "Iko hapa, hapana mashaka."

"Nitaibeba miye."

Akacheka kwa upole, si mtu mbaya. "Weye unajua kufundisha, lakini kulinda franga za mushahara hapana. Umeona mwenyewe. Acha miye nilinde. Ile code ya siri Mama Berthe alishanipatia."

Dereva naye akacheka, akasema hiyo ndiyo ndoa. Hasira ilinipanda mpaka machozi, nikageukia dirisha ili wasinione. Ningeshuka niende wapi? Deni la duka nilijua lilivyoanza na lingeishia wapi. Hili la mume halikuwa na hesabu ambayo ningeimaliza.

Mshahara wa kwanza wa Beni ulipoingia, Éphraïm alienda benki asubuhi. Alirudi na gunia la mchele, mafuta, sabuni, na kitenge kizuri cha bluu. Jirani aliyekuja kuazima ungo akaniambia nimebahatika. Alipoondoka nikamuuliza mume wangu mshahara umebaki kiasi gani.

Alishangaa kweli. "Juu ya nini unauliza? Umekosa nini?"

Nikatazama nyumba yote, nikitafuta kitu kilichokosekana ili nimwonyeshe. Mchele ulikuwapo, mafuta yalikuwapo, na kitenge kilikuwa magotini mwangu. Éphraïm alisimama akingoja jibu.