Sinema ya Nyumbani kwa Ndaki

Ndaki aliporudi kwake Shinyanga baada ya miaka mingi ya machimbo ya Rwamgasa, jambo la kwanza alilolifanya ni kuivamia sebule. Maduara yake, yaani mashimo ya dhahabu, alikuwa amewaachia wadogo zake, na mikono isiyo na kazi ina balaa lake. Alining'iniza mapazia mazito, akabandika ukutani televisheni pana kama mlango wa zizi, akapanga spika kila pembe na sabufa chini ya meza. Mkewe, Martina, alimtazama tu huku akichambua mchicha.

"Baba Violeth, hapa tunakaa sisi au tunafungua ukumbi?"

"Hii ni sinema, Mama Violeth. Nimekutengenezea wewe."

Kilichobaki kilikuwa kifaa cha kuvuta filamu na mipira kutoka mtandaoni, maana televisheni ile, pamoja na upana wake wote, haikujua lolote kuhusu intaneti. Basi asubuhi moja wakapanda bajaji hadi sokoni, dukani kwa mzee Jashvant, ambaye babu yake aliwahi kununua pamba ya babu yake Ndaki.

"Mwangaluka, baba! Mwangaluka, mayu!" Jashvant aliwasalimu kwa Kisukuma kilichonyooka kuliko cha watoto wao.

Aliposikia shida yao, aliweka vitu viwili juu ya kaunta. Kimoja kilikuwa boksi jeusi lenye antena mbili na taa za rangi. Cha pili kilikuwa kijiti kidogo, hakizidi kidole gumba cha mtu mzima.

Ndaki alikiweka kijiti kiganjani, akakipimapima kama alivyozoea kupima jiwe lililotoka shimoni.

"Hiki hakina uzito, mzee Jashvant. Hiki ni ufunguo wa pikipiki." Akalinyanyua boksi kwa mikono miwili. "Hiki ndicho kifaa! Hata mgeni akiingia anakiona."

"Wageni watakuja kutazama boksi au filamu?" Martina aliuliza.

Jashvant alijifanya anafuta kaunta. "Kwanza mniambie, nyumbani mnatazama nini?"

"Mimi mpira, na filamu za mapigano," alijibu Ndaki upesi. "Mwenzangu huyu ni mtu wa kwaya. Kwaya, mahubiri na mapishi."

"Nani kakwambia?"

Ndaki aligeuka. Martina alikuwa amekunja mikono juu ya khanga yake.

"Si unaimba kwaya kila Jumamosi?"

"Naimba. Nikishaimba sina haja ya kujitazama tena. Mimi napenda mieleka."

"Mieleka ipi?"

"Ya kurushana, Baba Violeth. Ya kupigana na viti. Wewe ukiwa Rwamgasa, mimi na Mama Bujiku tukitoka kanisani tulikuwa tunapitia kwake kuitazama. Huyo mama anaijua mpaka ya miaka ya nyuma."

Jashvant alicheka hadi miwani ikamteleza puani. Ndaki alicheka pia, ila kicheko chake kilichelewa kidogo. Alikuwa akijaribu kumwona mkewe, yule aliyeshika sauti ya tatu, akishangilia mtu anayepigwa kiti cha mgongo. Kila sikukuu alikuwa akirudi na doti za khanga, na kila mara alidhani amerudi kwa mtu anayemfahamu.

"Basi tuvijaribu vyote," alisema Martina. "Mzee, tuwekee mieleka."

Jashvant alianza na boksi, akaliunganisha na televisheni ya dukani. Taa zake ziliwaka vizuri, antena zikasimama wima, lakini mwanamieleka aliporuka kutoka juu ya kamba alibaki hukohuko hewani. Katikati ya kioo kikatokea kiduara, kikawa kinazunguka tu.

"Duara hilo, mwenye maduara," Martina alimwambia mumewe. "Chimba basi."

"Ni intaneti ya hapa dukani," Ndaki alilitetea boksi.

Jashvant akachomeka kijiti, kwa intaneti ileile. Mwanamieleka akaruka, akatua juu ya mwenzake, na Martina akapiga kaunta kwa kiganja.

Ndaki hakukubali kushindwa upesi hivyo. "Na sauti je? Kijiti hakina tundu la waya wa sabufa."

"Sauti itatoka kwenye televisheni kwenda kwenye sabufa," Jashvant alieleza, "kama televisheni yako ina tundu lake."

"Haina."

"Inalo," alisema Martina. "Nyuma, upande wa kushoto, lina kifuniko. Unadhani vumbi la huko nyuma linajifuta lenyewe?"

Wakaondoka na kijiti. Njiani Ndaki alikishika mfukoni asije akakipoteza, jambo ambalo Martina hakukosa kulisemea.

Jioni ile spika zilinguruma hadi jirani akachungulia ugani. Ndaki alikuwa na mechi yake ya kutazama, lakini alimpa mkewe rimoti, akakaa pembeni ya kochi. Martina hakukaa. Alisimama katikati ya sebule, akawa anapiga kelele kwa Kisukuma, "Yaya! Yaya! Hapana, usimgeuzie mgongo!"

Ndaki alisogeza vikombe vya chai mbali na mikono ya mkewe.

"Huyu wa suruali nyekundu ndiye mbaya?" aliuliza baadaye kwa sauti ya mwanafunzi mgeni.

"Alikuwa mbaya. Siku hizi ametubu."

"Ametubu kwa nani?"

Martina alimtazama kwa huruma, akasimamisha picha. Alikaa karibu naye, akavua kandambili na kukunja miguu kochini kama mtu mwenye hadithi ndefu.

"Sikiliza. Huyu alikuwa na ndugu yake, wakagombana. Wewe ulikuwa Rwamgasa, hukuona. Ngoja nikuanzie mbali."

Akamwanzia mbali, na Ndaki akasikiliza.