Gogo la Kumi na Saba

Abdia alikuwa ndani ya eda, siku ya sabini, Zipporah alipokuja kumuuliza habari za gogo.

Zipporah alikuwa karani wa mnunuzi mmoja wa mbao wa Garsen. Simu yake ilijua kila mti wa kikundi cha wakulima wa Ozi: uliposimama, aliyeupanda, siku ulipoangushwa. Watu wa Ulaya hawakutaka tena mbao za msitu uliofyekwa juzijuzi, basi kila mti wa mkilifi wa shambani ulipigiliwa kibati cha namba, na kila namba ikaingizwa simuni. Hiribae, mume wa Abdia, aliuzunguka mpaka wa shamba lake kwa miguu, simu ya karani mkononi, akapita hata kwenye matope ya mpunga ili ramani isikosee. Alirudi nyumbani akicheka.

“Miti yangu imepata vitambulisho, Abdia. Mimi changu nilikingojea miaka miwili.”

Sasa Hiribae hayupo, na Zipporah ameketi mkekani, sauti ameishusha.

“Mama, magogo ya mzee ni ishirini na manne. Pale ukingoni mwa mto nimeona ishirini na matatu. La kumi na saba halipo.”

“Labda maji yalilichukua.”

“Nimeandika hivyo, simu imekataa. Inataka picha ya kibati, au mahali kilipo. Ofisini wanasema mzee alikiuza. Ati kimepigiliwa kwenye gogo la msituni, likapita kama la shamba.”

“Hiribae?”

“Sisemi mimi, mama. Wanasema wao. Kisipojulikana leo kilipo, jina lake litaandikwa hivyo, na litabaki hivyo.”

Abdia aliitazama mikono yake. Mbao zikikataliwa mwaka huu, wenzake wa kikundi wangengoja msimu mwingine. Jina la maiti halina msimu mwingine.

Barazani mtu alikohoa. Alikuwa Dado, mdogo wake marehemu. Hakuweza kuingia kwa mjane aliye edani, hivyo alizungumza akiwa nje ya pazia.

“Karani, hiyo simu yako inajua kuhesabu miti. Kuzika haijui.”

“Shemeji,” Abdia alisema, “kama unalo neno, liseme.”

“Halisemwi.”

“Liseme.”

Dado alisogea karibu na pazia. Kwao, ubao ushukao kaburini na maiti hutolewa bila kuhesabiwa, na ukishashuka hautajwi. Ndiyo maana alikuwa amefunga kinywa siku zote hizo.

“Siku ya mazishi mto Tana ulikuwa umemeza barabara ya Garsen,” alisema hatimaye. “Viunza, mbao za kumfunikia kaburini, tungevitoa wapi? Na jua linakwenda. Nikavuta gogo lililokuwa karibu, tukalipasua watu watatu kwa msumeno wa mkono. Tukapata mbao saba. Kipande kilichobaki mto ukaondoka nacho.”

“Na kibati?” Zipporah aliuliza.

“Kiko kwenye ubao wa kichwani. Nilikiona tunafukia. Nikasema, nani atamsumbua maiti kwa ajili ya kibati.” Akakohoa tena. “Haya, sasa mnataka tumfukue?”



Abdia hakuyajua hayo. Siku ile wanaume walimpokea Hiribae mlangoni, na wanawake wa kwao hawafuati jeneza. Alisikiliza dhikri ikienda, ikienda, mpaka ikabaki sauti ya maji tu. Amelazwa upande gani wa makaburi, kafunikwa na nini, hakuuliza. Aliogopa kuuliza.

Akafungua sanduku, akatoa leso.

“Jifunike hii, mwanangu. Nenda makaburini na shemeji yangu, simu ikapate mahali kilipo kibati. Simama kando, usikanyage kaburi la mtu.”

Zipporah, ambaye ni Mkristo kutoka Ngao, aliifunga leso vizuri kichwani, wakaenda.

Aliporudi, matope yalikuwa yamemfika vifundoni.

“Simu inauliza gogo limetumika kwa nini,” alisema. “Imeweka kiwanda, kuni, kuoza, kuibiwa. Kaburi haikuweka. Nikachagua ‘mengineyo’, nikaeleza yote. Shemeji yako ametia kidole kuwa shahidi.”

“Imekubali?”

“Imekubali, mama. Mtandao ulisuasua, lakini imekubali. Hakuna atakayeuliza tena.”

Abdia alishusha pumzi. Kisha akasema, polepole, “Nionyeshe.”

Zipporah akamwekea simu mapajani. Kulikuwa na tuta la udongo mweusi, limenywea kidogo katikati. Kijiti kimechomekwa kichwani. Mrehani mmoja, umeanza kushika. Chini ya picha: namba kumi na saba, jina la Hiribae, na umbali kutoka kisiki cha mti huo hadi hapo, mita mia nne na kumi.

“Amepandiwa mrehani,” Abdia alisema.

“Ni mimi, shemeji,” Dado alijibu kutoka nje.

“Alikuwa akisema miti yake itafika Ulaya.”

Lori lilikuwa likimngoja Zipporah, lakini hakunyoosha mkono kuidai simu yake.

Baada ya muda kioo kikazimika. Abdia akakigusa kwa kidole, kama alivyomwona karani akifanya, na kaburi likarudi.