Jina la Kwenye Cheti

Fundi wa kuchomelea, ambaye mtaa mzima unamwita Cheche, alikuwa ameketi koridoni mwa mahakama tangu asubuhi. Karani alitoka akaita jina moja refu mara tatu. Kimya. Kupitia mlango uliokuwa wazi, hakimu akasikika akiamuru mshtakiwa huyo akamatwe, na mdhamini wake aje ajieleze.

"Maskini, kuna mtu kajitia kitanzi," Cheche akajisemea huku akipiga miayo.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, ndiye aliyemdhamini. Alikuwa anarudi kutoka msalani aliposikia yale. Akamnyanyua Cheche kwa ukosi wa shati.

"Shemeji, umeziba masikio au umelogwa? Hilo si jina lako?"

"La kwenye cheti! Aliniita hivyo marehemu mama, tena akiwa na fimbo mkononi!"

Wakaingia mbio. Cheche akaeleza, jasho likimtiririka. Hakimu akaficha kicheko nyuma ya faili.

"Amri ya kukukamata nimeifuta. Dhamana inaendelea. Siku nyingine ukiitwa, itika."

Moyo wa Cheche ukarudi mahali pake. Walipofika nje, shemeji akamwita kwa jina lile refu.

"Naam!" akaitika Cheche, kabla jina halijaisha.