Wageni wa Shimo la Jikoni

Zione Kamwendo, msimamizi wa bwalo katika chuo kimoja cha ualimu karibu na Zomba, alikuwa amesimama nyuma ya jiko akiangalia wapishi wakimwaga shimoni nsima, ule ugali wa Malawi, na maharage yaliyobaki, kama ilivyokuwa kila jioni, alipowaona marehemu wakipanda kilima kutoka makaburini.

Walikuwa wale wa njaa kuu ya mwaka arobaini na tisa. Walipanga foleni bila kusukumana, wakainama shimoni, wakala nsima na maharage, kisha wakafuta midomo kwa pembe za sanda. Wapishi waliwaomba wapishe kidogo, maana masufuria yalikuwa mazito.

Bibi mmoja mfupi alilamba vidole akamgeukia Zione.

"We mtoto wa Eluby! Nani kapika maharage haya?"

"Ni sisi, bibi."

"Chumvi yote hiyo, mnakausha samaki?"

Zione akapiga goti kumwamkia. Huyo alikuwa mzaa mama yake, aliyefariki kabla yeye hajazaliwa. Hakuhitaji kuambiwa, ulimi ule ulikuwa wa mama yake mtupu.

Tangu hapo walikuja kila jua likizama, na chuo kikaneemeka. Lori la taka halikukodiwa tena, nzi walihama, na akiba iliyopatikana ikaezeka upya bweni la wasichana. Mkuu wa chuo, Dakta Mkwanda, aliitwa Lilongwe kueleza alivyopunguza taka. Alirudi na tuzo, ngao ya mbao.

Zione aliona haya bibi yake kula shimoni. Akaenda ofisini.

"Dakta, niruhusu niwape sahani. Chakula ni kilekile."

"Mama Kamwendo, wakila shimoni, hiyo ni taka imepungua. Wakila kwenye sahani, hao ni wageni. Wageni hawamo kwenye bajeti."

"Basi wale wanafunzi walionyang'anywa kadi za chakula? Wanalala njaa na sisi tunamwaga."

"Mwenye kadi anakula, kinachobaki kinamwagwa. Huo ndio utaratibu, mama." Akaipangusa ngao kwa leso.

Zione alipomsimulia bibi yake, kikongwe alitema ganda la harage.

"Hata enzi zetu ghala lilikuwa na mahindi. Na kufuli. Tukaambiwa tungoje utaratibu."

Kesho yake jioni akaja Thokozani, binti wa mwaka wa pili aliyenyang'anywa kadi kwa kuchelewesha ada. Alijitanda shuka jeupe na kujipaka majivu usoni. Mlinzi alimwamkia kwa heshima zote, akampisha. Baada ya siku chache wenzake nao wakamfuata, kila mmoja na shuka lake, na marehemu wakasogea bila kunung'unika.

Zione aliamuru shimo lisuguliwe na kutandikwa majani mabichi ya mgomba, akawaambia wapishi wamwage polepole.

Dakta Mkwanda, dirishani kwake, aliona foleni imerefuka. Akaagiza atafutiwe msumari wa kutundikia ngao ya pili.

Kule shimoni Thokozani alikuwa anaona aibu, anamega vitonge vidogo vidogo. Bibi akamsukumia maharage.

"Kula ushibe, binti. Wenzio hatuna mtihani kesho."