Siku ya Mawingu Kisimani

Ujumbe wa Haidar ulimfikia Adila saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko, akiwa amekaa na walimu wenzake wakinywa chai. "Nakuja Bagamoyo mwezi wa pili. Nina vipimo vya chumvi vya kuweka visimani. Nahitaji mtu wa kunisaidia ninayemwamini." Adila aliandika jibu, akalifuta. Akaandika jingine, nalo akalifuta. Kengele ilipogongwa alikuwa ametuma neno moja tu: "Karibu."

Miaka kumi na minne ilikuwa imepita tangu waonane. Walisoma pamoja uhandisi wa elektroniki Dar es Salaam, wakakaa dawati moja la maabara, wakaunguza vidole kwa chuma kimoja cha kulehemu. Mwaka wa mwisho wote wawili walipata ufadhili wa kwenda Uholanzi kusomea utengenezaji wa transista, zile swichi ndogo zisizoonekana kwa macho ambazo chipu moja hubeba mamilioni yake. Barua ya posa nayo ilikuwa imeshafika kwa kina Adila, mtaa wa Dunda, Bagamoyo. Kisha, wiki tatu kabla ya safari, mama yake, Bi Esha, alianguka jikoni akapooza upande wa kulia pamoja na ulimi. Adila alikuwa mtoto wa pekee, na baba yake alishafariki.

"Tangulia," alimwambia Haidar. "Mwakani nitakufuata."

Mwakani haikufika. Mwaka wa tatu Adila alimwandikia asimngoje tena. Haidar alikubali, na alikubali upesi kuliko Adila alivyotarajia.

Tangu hapo alifundisha fizikia sekondari. Lakini usomaji hakuuacha. Wenzake walipofuatilia mpira, yeye alifuatilia transista kwenye simu yake. Alijua lini ziliacha kulala bapa zikaanza kusimama kama mapezi ya samaki, na lini wataalamu walianza kuzizungushia lango pande zote ili umeme usipate pa kutorokea. Kwa kuwa hiyo ndiyo shida yenyewe: transista ni kama bomba ambalo hata ukilifunga kabisa linavuja. Tone moja si kitu. Matone ya mamilioni ya mabomba humaliza tangi. Adila aliwahi kukaa miezi tisa chuoni akipima matone hayo, na mpaka leo alikumbuka jinsi mstari wa grafu ulivyopanda kila alipoongeza joto.

Haidar alifika Jumanne. Mvi zilikuwa zimemwingia pembeni, na sanduku la vifaa lilikuwa begani. Alianza kwa Bi Esha, aliyekuwa kaketi barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa. Mkeo anakulisha vizuri?"

"Anajitahidi, mama. Tuna binti wa miaka mitano."

"Alhamdulillahi. Mungu amkuze."

Adila alikuwa mlangoni ameshika sinia ya vikombe. Alijua kwamba Haidar ameoa, watu walishamwambia. Ila hakuwahi kulisikia kwa sauti yake mwenyewe. Aliweka sinia chini, akamimina chai, akauliza vipimo vinafanyaje kazi.

Haidar aling'aa. Alimtolea kidude kisichozidi kisanduku cha kiberiti. Maji ya bahari yalikuwa yakiingia taratibu kwenye visima vya pwani, alisema, na watu hawagundui mpaka chai ibadilike ladha. Kidude hiki kingepima chumvi kila nusu saa, usiku na mchana, kikatuma namba. Hakina betri ya kubadilisha. Kina kipande cha sola na ghala dogo la umeme, na chipu yake hutumia umeme kidogo mno, kwa sababu muda mwingi imelala. Huamka, hupima, hutuma, hulala tena.

"Transista mmezibana vipi zisivuje zikiwa zimelala?" Adila aliuliza.

Haidar alimtazama, akacheka. "Hakuna aliyeniuliza hilo tangu nishuke uwanja wa ndege."

Siku tatu walizunguka pamoja, wakafunga vidude kwenye visima kumi na viwili, vingi Dunda, kimoja uani mwa shule. Kila kimoja walikiweka ndani ya boksi la plastiki juu ya mfuniko wa zege, sola ikitazama juu. Adila alishika bisibisi, Haidar akaunganisha nyaya, na mikono yao ikarudia ule mpangilio wa zamani bila ya mtu kuelekeza. Adila aliona uchungu wa furaha ile. Jioni alikuwa akirudi nyumbani akamwogesha mama yake, akampa dawa, kisha akakaa akitazama namba zikiingia kwenye simu.

Siku ya tano, chaji ya awali ilipokwisha, namba zilianza kukatika. Mchana zilikuja vizuri. Jua likizama tu, kisima kimoja baada ya kingine kilinyamaza mpaka kesho yake.

Haidar alichanganyikiwa. "Ni vumbi na chumvi juu ya sola," alisema. "Umeme haukusanyiki wa kutosha. Itabidi nirudi navyo Uholanzi, tuweke sola kubwa zaidi." Alikuwa na siku nne tu kabla ya ndege yake.

Adila aliandika namba zote kwenye daftari, kisima kwa kisima, siku kwa siku. Alipofika Jumapili alisimama. Jumapili ilikuwa na mawingu mazito na manyunyu toka asubuhi. Jua halikuonekana kabisa. Na siku hiyo, pekee tangu namba zianze kukatika, visima vyote kumi na viwili vilituma namba mpaka alfajiri.

Asubuhi alimfuata Haidar kwenye nyumba ya wageni, daftari mkononi.

"Tazama Jumapili. Sola ilipata mwanga mdogo kuliko siku zote, na ndiyo siku iliyofika asubuhi. Sasa sola ndogo itakuwaje ndiyo tatizo?"

Haidar alitazama daftari. "Haiwezekani."

"Mlizipima kwenye joto gani?"

"Mpaka hamsini."

"Twende shuleni."

Alichukua kipimajoto cha maabara ya shule, akakitia ndani ya boksi la kisima cha uani, akafunga. Ilikuwa saa saba mchana. Walingoja kivulini. Walipofungua, zebaki ilikuwa imegonga sabini na moja.

"Zinavuja," Adila alisema. "Kila kinachokusanywa mchana, chipu inakimwaga mchana huohuo kwa sababu ya joto. Jioni ghala tupu. Jumapili kulikuwa na ubaridi, hazikuvuja."

Haidar alikaa chini kwenye zege, mikono kichwani. Kisha akasema, "Tutafanyaje?"

"Kisima chenyewe kina ubaridi. Acha sola juu, chipu iteremshe ndani."

Walirefusha waya kwa mita tatu, wakaifunga chipu kwenye mfuko usiopitisha maji, wakaining'iniza ndani ya kisima juu kidogo ya maji. Kesho yake asubuhi Adila alifungua simu kabla hata ya kunawa uso. Tangu magharibi namba zilikuwa ishirini na nne, hakuna hata moja iliyopungua. Alikaa kitandani akazisoma zote, kisha akazisoma tena.

Visima vingine walivimaliza kwa siku mbili. Siku ya kuagana Haidar alimwambia, "Adila, njoo. Pale maabara kuna nafasi ya uzamivu kila mwaka. Wewe ungekuwa mbele yangu, najua hivyo na ulijua hivyo."

Usiku Adila alitafuta fomu kwenye simu, akaisoma neno kwa neno mpaka ukurasa wa tatu: mwombaji asizidi miaka thelathini na mitano. Yeye alikuwa na thelathini na minane.

"Mbona unalia?" Bi Esha aliuliza kutoka kitandani.

"Silii, mama."

"Mimi nimepooza mkono, sijapooza masikio." Kisha Bi Esha akasema taratibu, "Sikukuomba ubaki, mwanangu. Ningekuwa na ulimi siku zile ningekwambia uende. Ulimi uliporudi, ndege ilikuwa imeshaondoka."

"Ningekwenda ungebaki na nani?"

"Na watu. Mdogo wangu Chausiku yupo, majirani wapo. Ningekonda kidogo." Mama alijaribu kucheka. "Lakini nilifurahi uliposalia. Hilo ndilo linaloniuma."

Adila alilala ubavuni mwa mama yake, kama alivyolala alipokuwa mdogo.

Haidar hakuambiwa habari ya umri. Aliambiwa tu kwamba haiwezekani, naye hakushinikiza. Kila Ijumaa Adila humtumia namba za visima, na yeye hujibu kwa namba. Wakati wa mvua za vuli iliingia picha kutoka kwa Haidar. Chipu mpya ilikuwa imechorwa upya, transista zake zimebanwa ili zihimili nyuzi themanini, na kwenye ripoti jina la Adila lilikuwa la pili. Picha ilipigwa kwa hadubini: vichochoro na viwanja vya rangi ya dhahabu na zambarau, vimepangwa kwa ustadi wa kushangaza.

Aliipeleka dukani kwa Najim, mpiga chapa wa karibu na soko la Dunda. Najim aliitoa kwenye mashine, akaiinua kwenye mwanga.

"Ramani ya mji gani hii, mwalimu? Ulaya?"

"Ni mahali nilipotaka kwenda."

"Ukafika?"

"Bado," alisema Adila. Aliipokea picha kabla haijakauka vizuri, akaishika kwa ncha za vidole asiichafue, akatoka nayo hivyo barabarani, bodaboda zikimpita, mpaka nyumbani.