Jiwe la Njia ya Hospitali

Fundi alikuwa shimoni, chini ya gari la dereva wa teksi, akisugua tumbo la giaboksi kwa petroli na brashi ya waya. Tope lilitoka, kisha rangi nyeusi ikatoka, na chini ya rangi ikaonekana gundi ya chuma iliyolainishwa kwa kidole gumba. Ilizunguka tundu la kumwagia oili, pale nati inapoingia. Aliibandua kwa bisibisi. Chini yake kulikuwa na ufa ulioanzia kwenye mdomo wa tundu na kupanda juu, mwembamba kama ufa wa kikombe cha chai.

Tone la oili lilichungulia kwenye ufa, likaanguka sakafuni, likapumzika. Kisha likapanda ukuta wa shimo, likatokeza juu, likaanza kukata sakafu ya gereji huku likiburuta mstari mwembamba nyuma yake. Lilipita kando ya jeki, likazunguka tairi kuukuu, likaelekea kwenye kiti cha mwenye gereji. Mwenye gereji aliliona likija, akainua miguu.

"Hilo gari linavuja," alisema.

"Linavuja, kaka," fundi alijibu kutoka shimoni.

Mwenye gereji alikuwa kaka yake mkubwa, na wateja walimwita Kaza. Zamani nati aliyoifunga ilidondokea njiani, mji mzima ukamcheka, naye akaapa kwamba nati yake haitalegea tena. Tangu hapo kila alipokaza aliongeza kipande cha bomba kwenye mkono wa spana, akakilalia kwa uzito wake wote mpaka mishipa ya shingo imsimame. Aluminiamu ya giaboksi haina habari na viapo vya watu. Ilipopasuka, Kaza aliziba kwa gundi aliyoichanganya na chenga za aluminiamu, dawa aliyoibuni mwenyewe na kujivunia kuwa hakuna gereji nyingine inayoijua. Fundi alikisugua kipande cha gundi vidoleni. Chenga zikametameta.

Gari hilo lilikuwa limekuja hapo kubadilishwa oili muda mfupi kabla ya msiba. Binti wa dereva aliposhikwa na uchungu wa kuzaa, baba yake ndiye aliyempakia. Giaboksi ilikuwa imekauka bila yeye kujua, ikajifunga katikati ya mlima wa kwenda hospitali. Alisukuma, akapunga mikono, magari yakapita. Mtoto alizaliwa kwenye kiti cha nyuma na hakulia. Kaza alipokwenda kulivuta gari, aliinama, akachungulia chini, akamwambia dereva kwamba amegonga jiwe. Toka siku hiyo binti humwekea baba yake chakula mezani, halafu hutoka uani mpaka mzee amalize kula.

Jiwe huacha kovu. Giaboksi hii haikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Kufikia mchana oili ilikuwa imeshamzoea Kaza. Alipohamishia kiti mlangoni, mstari uligeuka. Alipokwenda chooni, ulimsubiri nje kwa adabu. Mama muuza chai aliuruka, birika mkononi, akichunga asimwage.

"Kaza, leo umepata mgeni," alisema.

"Sakafu haijakaa sawa, mama. Aliyeimwaga saruji hii alinidanganya."

"Na huko chooni nako ni sakafu?" Mama alimmiminia chai, akaenda zake.

Fundi alitoka shimoni akamwekea kaka yake kile kipande kiganjani. "Kaka, hii gundi ni yetu."

Kaza alikitazama, akakitia kwenye mfuko wa shati. "Funika kombe mwanaharamu apite," alisema. "Nikisema, mtoto atarudi? Nani ataleta gari hapa tena?"

"Binti hali meza moja na baba yake."

"Watapatana. Damu ni damu." Kisha akaongeza, polepole, "Nimekulea mimi."

Hilo lilikuwa kweli. Wazazi walipofariki, Kaza ndiye aliyelala njaa ili mdogo wake ale, na ndiye aliyemfundisha kushika spana. Fundi alichukua tambara, akaanza kufuta mikono.

Jioni haijaingia, dereva akaja kwa miguu.

"Shikamoo, mzee," walimsalimu.

"Marahaba, wanangu." Aliketi juu ya lile tairi, kofia mkononi. Aliuona mstari wa oili, akausogezea mguu upite.

"Nimekuja kuuliza," alimwambia fundi. "Lile jiwe lilikuwa na ukubwa gani? Mwanangu hajaniuliza bado. Lakini siku akiniuliza, nisije nikakosa la kumjibu."

Fundi alipiga moyo konde, akafungua mdomo. Kaza akamwahi.

"Kubwa, mzee," alisema kwa upole, na upole wenyewe ulikuwa wa kweli. "Ila lilikaa vibaya. Hata mimi nisingeliona. Yaliyopita si ndwele."

"Nilipaswa kuliona," dereva alisema. "Macho ni yangu."

Wote wawili wakamgeukia fundi. Fundi akaufunga mdomo wake.

Mstari wa oili, ambao kutwa nzima ulikuwa mmoja, uligawanyika. Tawi moja likabaki kwenye kiatu cha Kaza. La pili likakata sakafu bila haraka, likaja kutulia kwenye kisigino cha fundi. Aliona aibu, lakini hakuusogeza mguu.

Siku zilizofuata alibadilisha gia zilizosagika, kisha akalitengeneza tundu. Alitoboa kijitundu kwenye ncha ya ufa ili usiendelee kukimbia, akaipasha moto aluminiamu, akachomelea, akasawazisha kwa tupa, akachonga hesi mpya, ile mizunguko inayoshika nati. Aliweka washa mpya, kile kipete cha shaba cha kuzuia oili, akafunga nati kwa vidole, kisha kwa spana fupi, akaishia pale mkono ulipomwambia basi. Hakuwahi kufanya kazi nzuri kama ile, na haikumpunguzia chochote. Giaboksi ilikauka kabisa kwa nje. Oili iliendelea kuja.

Kaza alichimba mfereji kwenye saruji, na sasa oili humfikia bila kuchafua sakafu. Wateja wanauruka, gereji imejaa magari.

Dereva amerudi kazini. Kila alasiri huegesha teksi chini ya mlima wa hospitali, akapanda kwa miguu akiokota mawe barabarani, makubwa kwa madogo, na kuyapanga kando. Fundi humsaidia yale mazito.

"Huenda ni hili," dereva husema, akilipima kwa mikono.

"Huenda, mzee," fundi hujibu, na kulibeba, huku mstari mwembamba wa oili ukipanda mlima nyuma ya visigino vyake. Dereva huuona, na humkumbusha aangalie asije akateleza.